Mbona mtoto anajikwaa? Dawa za saratani na neva za miguu

Kitu cha kwanza ambacho mzazi hukiona huwa ni ndala. Mtoto anatoka chumbani, anapiga hatua tatu, ndala ya kushoto imebaki nyuma, na yeye anaendelea na safari hana habari. Anaitwa, anarudi, anaivaa, baada ya muda mfupi imechomoka tena. Wiki inayofuata anajikwaa kwenye kizingiti anachokipita kila siku. Halafu anaanza kuomba abebwe, na huyu ni mtoto wa miaka sita ambaye mwezi uliopita, pamoja na kuumwa kwake, alikuwa hashikiki.

Watoto wanaotibiwa saratani pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatoka Rombo, Same, Hai, Arusha, Babati na mbali zaidi. Mtoto akiondoka nyumbani anatembea vizuri na kurudi anaburuta miguu, mtaani maelezo hayakosekani. Wapo watakaosema dawa zimemmaliza nguvu. Wapo watakaosema ile sindano ya mgongo ndiyo iliyompoozesha. Na yupo atakayeshusha sauti na kusema kuna mkono wa mtu. Wa kwanza kati ya hao amekaribia ukweli, ila hajaumaliza, na ile sehemu aliyoiacha ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi kliniki au atafichwa nyumbani. Miguu kweli imeguswa na dawa. Mara nyingi ni dawa moja inayojulikana kwa jina, na madaktari walitegemea kwamba huenda ikafanya hivyo. Lipo la kufanya, na kuacha matibabu si mojawapo.

Dawa hiyo inaitwa vinkristini. Chanzo chake ni mmea wa asili ya Madagaska, ule wenye maua madogo ya petali tano, ya waridi au meupe, unaopandwa kama pambo katika bustani nyingi za nchi za joto. Ilianza kuruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963, na hadi leo haijapata mrithi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, lengo likiwa angalau asilimia 60 ya watoto wapone ifikapo 2030, na likachagua saratani sita za kuanzia: lukemia kali ya limfoblasti (saratani ya damu), limfoma ya Burkitt na limfoma ya Hodgkin (saratani za tezi), saratani ya jicho inayoitwa retinoblastoma, saratani ya figo inayoitwa Wilms, na aina ya uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Vinkristini imo katika tiba zinazotumika sana kwa zote sita. Mwaka 2019 kampuni moja iliacha kuitengeneza, akabaki mtengenezaji mmoja tu anayeiuza Marekani, na hata huko kwenye hospitali za kila namna madaktari wa watoto walihangaika. Ndiyo maana sioni mantiki ya ushauri wa "ombeni wabadilishe hiyo dawa". Ibadilishwe kwa ipi?

(Na kwa sababu swali hili halikwepeki: hapana, usimchemshie mtoto majani ya ua hilo. Dawa ya hospitali imechujwa na kupimwa hadi sehemu za miligramu. Majani yana kemikali nyingi zenye sumu, na hakuna anayejua kikombe kimebeba kiasi gani.)

Kwa nini miguu, na si mahali pengine

Saratani ni seli zinazogawanyika bila breki. Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba sana za kuvutia vinasaba upande huu na upande ule. Nyuzi hizo hutengenezwa na protini iitwayo tubulini. Vinkristini huishika tubulini isijengeke kuwa uzi, seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Hapo dawa imefanya kazi yake.

Lakini neva nayo ina nyuzi za tubulini. Yenyewe haigawanyiki, inazitumia kusafirishia vitu. Seli ya neva inayotikisa kidole gumba cha mguu haikai mguuni. Kiini chake kiko kwenye uti wa mgongo, usawa wa kiuno, na mkia wake unashuka pajani, unapita nyuma ya goti, hadi kwenye unyayo. Chakula na vipuri vyote vinatengenezwa kule juu, kisha vinasafirishwa chini juu ya zile nyuzi. Anayeijua mifongo ya Uchagani, ile mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, atanielewa upesi: mfereji ukibomoka huko juu, shamba la kwanza kukauka ni lile la mwisho kabisa bondeni. Neva ndefu kuliko zote ndizo zinazokwenda vidoleni mwa miguu, kwa hiyo hizo ndizo zinazoanza kulegea. Mikono hufuata.

Dalili ya mapema zaidi mzazi hawezi kuiona. Daktari anagonga nyuma ya kisigino kwa ile nyundo ndogo ya mpira, na mguu ambao ungepaswa kuruka unatulia tu. Watoto wengi wanaopata vinkristini kila wiki hufikia hatua hiyo, na wengine huishia hapo bila shida yoyote. Wengine huendelea. Misuli inayoinua sehemu ya mbele ya mguu inadhoofika, unyayo unaning'inia, na mtoto anaanza kuinua magoti juu kuliko kawaida ili vidole visikwaruze chini. Hiyo ndiyo inayoangusha ndala, maana ndala hushikiliwa na vidole vinavyobana. Mwambie mtoto atembee kwa visigino, vidole vikiwa vimeinuka juu, kutoka mlangoni hadi kitandani. Asipoweza, na zamani aliweza, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Kuna pia upande wa hisia, na hapa watoto wadogo wanatuchanganya sana. Mtu mzima atakwambia miguu inakufa ganzi, inawaka moto, kama kuna wadudu wanatembea ndani. Mtoto wa miaka mitatu hana maneno hayo. Anachofanya ni kukataa soksi, kusukuma shuka lisimguse miguu, kulia usiku na mchana kuonekana mzima, au kukataa kusimama. Watu wanamwita mdekezi. Mimi ningependa neno hilo lisisikike kabisa kwenye wodi ya saratani ya watoto, kwa sababu mara nyingi limeficha maumivu.

Neva za tumbo nazo haziachwi. Utumbo unakwenda polepole, choo kinakuwa kigumu, siku zinapita, tumbo linajaa. Watu huona ni jambo dogo na huona aibu kulisema, lakini tumbo lililovimba kwa mtoto asiyepata choo, anayetapika, ni dharura. Wodini dawa ya kulainisha choo mara nyingi huanzishwa mapema bila kusubiri tatizo. Nyumbani, maji, papai na mboga vinasaidia, ila visichukue nafasi ya dawa aliyoandikiwa. Wengine huumwa taya siku chache baada ya dozi za mwanzo wakashindwa kutafuna, hii huisha. Wachache sauti hukauka, au kope la jicho moja linashuka. Haya mawili yasisubiri tarehe ya kliniki.

Si kila miguu dhaifu ni vinkristini

Hapa ndipo mambo yanapochanganyika hata kwa wahudumu wa afya, kwa sababu mtoto mmoja anapewa dawa nne au tano, kila moja na tabia yake.

Mtoto wa lukemia hupewa prednisoloni au deksamethasoni, zile dawa zinazomfanya uso uwe wa mviringo na kuomba chakula saa nane za usiku. Zikitumika kwa muda, nazo hudhoofisha misuli, ila ni misuli ya mapajani na nyonga. Mtoto huyu anatembea kwa visigino bila taabu. Kinachomshinda ni kuinuka kutoka kwenye mkeka, kupanda ngazi, au kunyanyuka kwenye choo cha kuchuchumaa bila kushika ukuta. Wa vinkristini shida yake iko chini, kwenye vifundo na nyayo. Wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo sababu mzazi anayesema "miguu haina nguvu" anaulizwa maswali mengi. Jibu linalosaidia ni lile linalotaja kitendo: hawezi nini hasa, tangu lini, mguu mmoja au yote miwili.

Sindano ya mgongo, inayolaumiwa kuliko yote, kwa kawaida haina hatia hapa. Huchomwa sehemu ya chini ya mgongo, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na dawa inayowekwa humo mara nyingi ni metotreksati, kuzuia saratani isijifiche kwenye ubongo. Vinkristini haiwekwi humo kamwe. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo kwa makosa, inaua. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linataka ichanganywe ndani ya mfuko mdogo wa dripu, isivutwe kwenye bomba la sindano linaloweza kufananishwa na lile la mgongo, na hospitali nyingi hupanga dawa hizo mbili zisikutane mezani kwa wakati mmoja. Mzazi akimwuliza nesi, "Sista, hii ya leo ni ya mshipa au ya mgongo?" hajamkosea adabu.

Sababu ya tatu ndiyo inayotisha. Saratani yenyewe, hasa limfoma ya Burkitt ambayo ukanda wetu wa Afrika unaijua vizuri, inaweza kuukandamiza uti wa mgongo. Neva zilizochoshwa na dawa hulegea polepole, wiki kwa wiki, pande zote mbili. Miguu iliyokuwa mizima juzi na leo haisimami, mtoto ambaye ghafla hawezi kuzuia mkojo, maumivu ya mgongo yasiyomwachia alale: hayo si ya kusubiri Jumatatu. Ni ya kutafuta gari usiku huohuo.

Sisplatini, inayotumika kwa saratani za mifupa na ini miongoni mwa nyingine, ina kesi yake tofauti. Nayo inaweza kuleta ganzi, tena ganzi yake ina ujanja: inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Kwa watoto, hata hivyo, madhara yake makubwa ni masikioni. Inaua vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti nyembamba, na vikishakufa havioti tena. Mtoto anasikia mlango ukigongwa na radio ikiimba, lakini herufi kama s, f na sh zinampotea, anajibu visivyo, na shuleni anaitwa mtukutu. Kipimo cha usikivu kabla ya kila mzunguko wa dawa ndiyo njia ya kuligundua mapema.

Kwa nini huyu na si yule

Kitanda cha kwanza mtoto anakimbia, cha pili mwenzake wa umri uleule, dozi ileile, anabebwa. Dozi huhesabiwa kwa ukubwa wa mwili, kwa kawaida miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, na haivuki miligramu 2 hata mtoto awe mkubwa vipi. Tofauti haianzii kwenye dozi, inaanzia kwenye ini.

Vinkristini huvunjwa na vimeng'enya viwili vya ini. Kimoja kati ya hivyo, CYP3A5, hakifanyi kazi kwa wengi wa Wazungu, lakini kwa Waafrika wengi kiko hai. Utafiti uliochapishwa 2018 kwa watoto wa Kenya waliokuwa wakitibiwa Eldoret ulikuta wengi wao wana kimeng'enya hicho na madhara ya neva yalikuwa machache, hadi watafiti wakajiuliza kama dozi ya kawaida inawatosha watoto hawa. Ni swali zito. Dozi hizi kwa sehemu kubwa zilipangwa kwa kuangalia miili ya watoto wa kwingine, halafu zikaletwa kwetu kama zilivyo. Lakini asije mtu akasema basi mtoto wetu hawezi kuumia. Utafiti wa Malawi wa mwaka 2010 ulionyesha upande wa pili: watoto wenye uvimbe mkubwa wa figo na utapiamlo waliitoa dawa mwilini polepole, maana yake inakaa muda mrefu zaidi kwenye damu. Watoto wengi hapa hufika hospitali wakiwa wamekonda tayari, baada ya miezi ya kuzungushwa huku na huku, kwa hiyo dozi yao hutakiwa kuangaliwa kwa jicho la pekee.

Kisha kuna dawa nyingine zinazoingilia. Hili ningeomba liandikwe juu ya jalada la daftari la kliniki. Baadhi ya dawa za fangasi, hasa itrakonazoli, vorikonazoli na ketokonazoli, hufunga mlango ambao ini linatolea vinkristini, na dozi ya kawaida inageuka kuwa kubwa. Mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani, huota utando mweupe mdomoni mara kwa mara, na duka la dawa liko hatua chache kutoka stendi. Mhudumu anayeuliza "ana shida gani?" bila kuuliza "anatumia dawa gani nyingine?" anaweza kumpeleka mtoto kitandani wiki mbili. ARV zenye ritonavir hufanya hivyohivyo. Isoniazidi ya kifua kikuu, nayo, inaweza kuongeza mzigo kwenye neva zenyewe, ndiyo maana hutolewa na vitamini B6. Hakuna kati ya dawa hizi ambayo mzazi aisimamishe mwenyewe. Anachotakiwa ni kuzitaja zote mbele ya daktari, pamoja na za miti shamba, hata kama anaogopa kugombezwa.

Na kuna familia ambazo neva zao ni dhaifu tangu kuzaliwa, wenye nyayo zilizopinda juu sana na vidole vilivyojikunja, baba, shangazi, babu. Hao dozi moja au mbili tu zinaweza kuwalaza kabisa. Daktari akimwomba baba avue viatu siku ya kwanza, asishangae.

Kinachofanyika

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia madhara haya. Vitamini nyingi zimejaribiwa na hakuna iliyosimama imara kwenye ushahidi, kwa hiyo anayeuza chupa ya "kujenga neva" kwa bei ya nauli ya kutoka Arusha kwenda Moshi na kurudi anauza matumaini. Maumivu yana dawa: gabapentini na amitriptilini hutumika, kwa sababu panadoli haifiki kwenye maumivu ya neva. Daktari anaweza pia kupunguza dozi ya vinkristini au kuruka moja pale mtoto anaposhindwa kutembea, tumbo linapoziba au sauti inapopotea. Anapima pande mbili, neva na saratani, na kwa kawaida hagusi dozi kwa sababu ya ganzi ndogo. Mzazi anayemficha daktari kuhusu miguu ili "dawa isipunguzwe" anamnyima kipimo, na anayekaa nyumbani ili miguu ipone anaipa saratani nafasi. Watoto ambao neva zao zimeguswa na vinkristini, wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki hadi miezi baada ya dawa kupungua au kwisha, ingawa kuna wanaobaki na udhaifu kwa miaka. Mkia wa neva huota tena kwa kasi ya takribani milimita moja kwa siku, kwa hiyo mzazi asitegemee kuona mabadiliko ya Ijumaa hadi Ijumaa.

Kinachoharibu zaidi wakati wa kusubiri ni kano ya nyuma ya kisigino. Unyayo ukining'inia miezi, kano inafupika, na neva zikirudi zinakuta kifundo kimekakamaa. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa tiba. Mtoto amelala chali, goti limenyooka, mama anashika kisigino kwa kiganja na kusukuma unyayo mzima taratibu kuelekea usoni kwa mtoto, anahesabu pamoja naye hadi thelathini, anaachia, anarudia. Asubuhi na jioni. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aonyeshe kwanza, kwani kusukuma vidole peke yake hakuivuti kano inayohitajika.

Nyumbani, ndala zikae pembeni kwa muda. Viatu au sandali zenye mkanda nyuma ya kisigino ni bora, na barabara ya mteremko wenye tope baada ya mvua ashikwe mkono. Miguu isiyo na hisia isiote moto jikoni karibu na mafiga, na maji ya kuoga yapimwe na kiwiko cha mtu mzima. Jioni nyayo zikaguliwe, mpaka katikati ya vidole, maana mtoto aliyekanyaga mwiba bila kuusikia na kinga yake iko chini anaweza kuishia na maambukizi makali.

Shuleni mwalimu aambiwe wazi. Mikono iliyoguswa inashindwa na vifungo vya shati na penseli nyembamba. Mwandiko unaharibika, imla inambakiza nyuma. Barua fupi ya hospitali inayosema mtoto apewe muda zaidi na asichapwe kwa uchafu wa daftari ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Unyayo ukigoma kabisa kuinuka, kuna kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu, kinapanda nyuma ya shavu la mguu na kuushikilia mguu usining'inie. Bahati ya kanda hii ni kwamba TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa vya aina hiyo tangu miaka ya 1980, kiko palepale KCMC, hivyo mtoto aombewe rufaa ya kupimwa siku hiyohiyo ya kliniki badala ya kupangiwa safari nyingine. Hupimwa kwa mguu wa mtoto mwenyewe. Aende na viatu atakavyovaa navyo, vikubwa kidogo kuliko saizi yake. Siku za mwanzo kivaliwe kwa saa chache, kisha kivuliwe na ngozi iangaliwe, kwa sababu mguu wenye ganzi hautalalamika ukichubuka. Alama nyekundu isiyofutika baada ya nusu saa maana yake kifaa kirudi kwa fundi, na kwa mtoto anayekua kitahitaji kupimwa upya mara kwa mara, hata kama bado kinaonekana kipya.